Maneno Yasiyozidi Matano

Barua ya shule ilifika Jumatatu, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu. Mpiga pasi alipomwona mtoto akiinyoosha, aliizima pasi kwanza, akachomoa waya ukutani, ndipo akaipokea. Tangu siku ya ajali alikuwa akizima pasi kabla ya kufanya jambo lolote lile, hata kukohoa.

Barua ilikuwa fupi. Mwalimu wa darasa alikuwa ameona jeraha la moto kwenye mkono wa mwanafunzi. Afisa wa ustawi wa jamii angefika nyumbani siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ili kuyaona mazingira ya mtoto. Walezi wote walitakiwa kuwepo.

Aliisoma mara tatu. Mashati ya wateja yalikuwa yamerundikana mbele yake kama watu waliokuja kusikiliza kesi.

"Imesema nini, mama mdogo?" mtoto aliuliza. "Mwalimu alinipa mbele ya watu wote, na yule wa dawati la nyuma akasema nimefukuzwa, nikamwambia wewe ndiye utafukuzwa, unanuka kama soksi, halafu kengele ikalia, halafu..."

"Nenda kanawe miguu."

Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba. Alikuwa binti wa marehemu dada yake mpiga pasi, na nyumba nzima ilimwita Chiriku, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona mdomo wake ukipumzika isipokuwa usingizini, na hata huko mara nyingine alinong'ona.

Mume alirudi jioni, begi la spana likining'inia begani. Alikuwa fundi bomba. Aliisoma barua akiwa mlangoni, akaacha alama ya kidole cheusi kwenye jina la mwalimu.

"Kuyaona mazingira," alisema. "Mazingira gani? Si hapa tu? Aje aone."

"Unasema kama anayekuja kusoma mita ya maji. Yule mtoto wa nyumba ya kona alionwa Jumanne. Ijumaa alikuwa makao ya watoto."

"Yule alikuwa anapigwa."

"Na huyu ameungua. Nani atamwambia afisa kwamba kupigwa ni kitu kimoja na kuungua ni kitu kingine? Na karatasi ya ulezi iko wapi? Ukiulizwa huyu ni nani wako, utaonyesha nini?"

Karatasi hiyo hawakuwahi kuwa nayo. Mtoto aliletwa siku ya tatu baada ya mazishi, na kifurushi cha nguo, na tangu hapo hakuna aliyefikiri kwamba mtoto wa dada huhitaji mhuri.

"Acheni kutetemeka," sauti ilisema kutoka chumba cha ndani. "Nyumba hii haijawahi kuaibika mbele ya mgeni. Kuna kitabu."

Aliyesema alikuwa Bibi, mama yake fundi bomba. Alitoka amekishika kwa mikono miwili. Kilikuwa na jalada la kijani lililofungwa kwa uzi, na kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mende. Alipewa akiwa msichana, alipomaliza mafunzo ya unyumba, na alikuwa amekisoma mara nyingi kuliko barua yoyote aliyowahi kuandikiwa. Kilieleza namna ya kukunja leso, namna ya kumwandikia meneja wa benki, na namna ya kumkatalia mchumba bila kumvunja moyo.

"Mama," fundi bomba alisema, "kitabu hicho kina sura nzima ya kushuka kwenye gari la farasi."

"Kina pia sura ya saba. Kumpokea Mgeni Mwenye Cheo. Wewe una kingine?"

Hakuwa na kingine. Mpiga pasi naye hakuwa nacho. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikishika kitabu kama kamba.

*

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi.

Sura ya saba ilianza na chumba. "Vyombo vya kazi," Bibi alisoma, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, "havionekani katika chumba cha mgeni. Mgeni asione jasho la nyumba; aone matunda yake." Kwa hiyo meza ya kupigia pasi ilibebwa, na pasi, na kapu la nguo, na chupa ya kunyunyizia maji. Vyote vilipelekwa kwa jirani wa nyumba ya pili.

"Mnahama au mnaficha?" jirani aliuliza, akiwafungulia mlango kwa goti kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu.

"Tunapanga tu," mpiga pasi alisema.

"Mficha uchi hazai, shoga yangu."

"Mimi nimeshapewa wa kulea. Nataka kumbakiza tu."

Jirani akaacha kucheka. Alisogeza ndoo zake, meza ikapita.

Sura ilisema pia juu ya mikono ya baba wa nyumba: iwe safi kama karatasi. Fundi bomba alikaa kwenye kizingiti na kuisugua mikono yake kwa mchanga, kisha kwa ndimu, kisha kwa brashi ya waya aliyokuwa akiitumia kung'arishia koki. Weusi wa miaka kumi na tano ulitoka kidogo. Ngozi ilitoka zaidi. Usiku ulipoingia viganja vyake vilikuwa vyekundu kama nyama buchani, na hakuweza kushika kikombe.

Lakini kazi kubwa ilikuwa mtoto.

"Mtoto mwenye malezi," Bibi alisoma, "huinamisha macho. Hasemi mpaka aulizwe. Akiulizwa, hujibu kwa maneno yasiyozidi matano. Halii mbele ya mgeni. Hataji kosa la mkubwa wake."

"Matano?" Chiriku aliuliza. "Matano kwa siku au kwa kila mtu? Na 'shikamoo' inahesabiwa? Na kama afisa akiniuliza kitu kirefu, kwa mfano..."

"Umeshakaribia ishirini."

"Lakini Bibi..."

Mpiga pasi alipiga magoti mbele yake. Alimshika mabega, akihakikisha hagusi bandeji. "Sikiliza, mwanangu. Kesho anakuja mtu. Akiona tuna adabu, ataondoka. Akiona hatuna, ataondoka na wewe."

Alikusudia kumtuliza. Aliona uso wa mtoto ukibadilika, akajua amekosea, ila neno likitoka halirudi. Chiriku alitazama vidole vyake. Akaficha mkono mmoja nyuma ya mgongo, akajaribu.

"Nitakuwa... na... adabu... mama mdogo," alisema, akikunja kidole kwa kila neno. Vidole vyote vitano vilikunjika. Akafunga mdomo.

"Umeona?" Bibi alisema. "Kumbe anaweza."

Tangu saa ile nyumba ikawa kimya. Kila mmoja alijiambia kwamba ukimya huo ndio adabu.

*

Afisa alifika saa nne na dakika kumi. Alikuwa mwanamke wa makamo, jalada kwapani, na ukanda wa kiatu chake kimoja ulikuwa umekatika na kufungwa kwa pini. Gari la ofisi lilisimama mbele ya lango, dereva ndani.

Walikaa wanne kwenye viti vilivyopangwa kwa mstari, naye akapewa cha tano, kilichowatazama. Kitabu kilisema mgeni asiulizwe shida yake. Mwenyeji asubiri mgeni aitaje mwenyewe. Wakasubiri. Afisa, aliyezoea kukaribishwa kwa maneno mengi, naye alisubiri. Saa ya ukutani ilisikika. Nzi alitua kwenye jalada, akatembea, akaruka.

"Mnajua kilichonileta?" afisa aliuliza hatimaye.

"Karibu sana," Bibi alisema.

"Asante. Nimekuja kwa sababu ya mkono wa mtoto." Alimtazama Chiriku, aliyekuwa akiitazama sakafu. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo." Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa nyuma ya mgongo.

"Marahaba. Nyumbani wanakuitaje?"

"Zamani Chiriku. Sasa siitwi."

Afisa aliandika. Mpiga pasi alitaka kueleza kwamba Bibi amekataza majina ya utani mbele ya mgeni, kwa leo tu, lakini kitabu kilisema mwenyeji asiingilie mazungumzo ya mgeni.

"Mama, jeraha lilitokeaje?"

Makosa ya nyumba hayasimuliwi kwa mgeni. "Ni ajali ndogo ndogo za nyumbani," mpiga pasi alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine kabisa.

"Ndogo ndogo? Zimekuwa ngapi?"

"Hapana, moja. Moja tu."

"Aliungua na nini?"

"Na pasi."

"Naomba niione."

Alimtazama mumewe. Mumewe, aliyekuwa amekalia mikono yake ili isionekane, alijibu haraka kuliko alivyofikiri. "Hakuna pasi hapa."

"Hamna pasi?"

"Ipo, lakini haipo hapa."

"Na barua ya shule inasema mkeo ni mpiga pasi." Afisa aliinua macho. "Baba, naomba unionyeshe mikono yako."

Fundi bomba aliitoa taratibu. Viganja vilikuwa vimechubuka, na kwenye vifundo damu ilikuwa imekauka. Afisa aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wake.

"Umegombana na mtu?"

"Niliinawa."

"Uliinawa," afisa alirudia, akaandika na hilo.

Kila alichoandika kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtisha mpiga pasi zaidi. Hakuna uongo aliokuwa na uwezo wa kuukanusha. Palikuwa na kurasa mbili tu za kweli, zikijipanga kuwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Afisa aliwaomba watoke, abaki na mtoto. Walisimama uani, chini ya kamba ya nguo isiyo na nguo. Dirisha lilikuwa wazi.

"Niambie wewe, mwanangu. Uliungua vipi?"

Mtoto alikuwa akitafuta namna. Alijua habari nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa ndefu. Aliipunguza. Akaipunguza tena.

"Pasi ya mama mdogo iliniunguza."

Uani, mpiga pasi alishika kamba ya nguo kwa mikono miwili.

"Ulilia?"

"Niliambiwa wenye adabu hawalii."

"Nani alikuambia?"

"Bibi. Na kitabu."

"Humu ndani unamwogopa nani?"

Jibu alilokuwa nalo mtoto lilikuwa hili: nakuogopa wewe kwa sababu umekuja kunichukua. Alilihesabu kwenye vidole, likawa maneno sita. Alilihesabu tena. Halikupungua. Akainamisha macho, akanyamaza.

Afisa alifunga jalada.

*

"Nitaondoka naye," aliwaambia uani. Hakusema kwa ukali. "Daktari amwone leo. Atakaa makaoni mpaka tufanye kikao, na kikao hakipiti wiki mbili. Mfungieni nguo mbili tatu."

"Afisa," fundi bomba alisema, "tafadhali. Hii ni ajali, wallahi."

"Baba, nimeuliza pasi ukasema haipo. Ukiwa mahali pangu ungefanyaje?"

Mpiga pasi alifunga nguo. Miguu yake ilifanya kazi, mikono yake ilifanya kazi, na yeye mwenyewe hakuwepo. Aliweka gauni la shule, akalitoa, akaweka la nyumbani, akarudisha na la shule. Alipotoka, mtoto alikuwa amesimama kando ya afisa, amenyooka, kidevu chini, halii. Hakuwahi kuwa na adabu kiasi kile. Mpiga pasi alimpa kifurushi, na mtoto akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Asante, mama mdogo," alisema.

Bibi alisindikiza. Sura ya saba ilimalizia na kuagana: mwenyeji humfikisha mgeni langoni, hutabasamu, na sauti yake haivuki ua. Alitembea nyuma yao, mgongo wima, mdomo umekazwa katika tabasamu. Alimwona mtoto akipanda gari. Alimwona akikaa na kuweka mikono juu ya magoti, kiganja juu ya kiganja, kama mchoro wa kitabuni. Dereva aliwasha injini.

Bibi alivua viatu vyake. Hakujua kwa nini alivivua. Alikimbia peku mpaka ubavuni mwa gari na kupiga kioo kwa kiganja.

"Chiriku!" alipaza sauti. Watu wa mtaa wa pili waliisikia. Mwanawe, aliyemjua kwa miaka arobaini, hakuwahi kuisikia sauti hiyo. "Chiriku wewe! Sema! Mwambie!"

Mtoto aliinua macho. Bibi alikuwa barabarani, peku, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akipiga gari la serikali.

"Mangapi?" mtoto aliuliza kupitia kioo.

"Mpaka mate yakukauke! Sema yote! Kitabu ni cha wajinga, na mjinga wa kwanza ni mimi!"

Mtoto alimtazama afisa aliyekuwa ameshika mlango. Kidevu kilimtetemeka. Kisha kikaachia.

"Nilikuwa chini ya meza na mwanasesere wangu hana mguu na waya ulikuwa mkia wa nyoka nikauvuta, na mama mdogo alikuwa ameenda mlangoni kumpa mtu suruali, aliniambia nisikae chini ya meza, aliniambia siku zote, mimi ndiye nilikaa, na pasi ikaja ikakaa hapa, na mama mdogo akapiga kelele kunishinda, akanitia mkono kwenye ndoo ya maji, akanibeba akakimbia hana viatu, na zahanati wakamwambia mama wewe ndiye uketi, unaanguka, mtoto yuko sawa, na shati la mtu likaungua akalilipa, na baba mdogo hajapigana, amejisugua na brashi ya koki ili wewe umpende, na pasi iko kwa jirani yule wa povu kwa sababu wageni hawaoni vitu vya kazi, na mimi si kwamba sitaki kusema, matano hayatoshi, nimejaribu, hayatoshi, na mimi sitaki kwenda, namwogopa huyo nyoka kidogo na wewe sana!"

Sasa alikuwa akilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi mpaka kidevuni.

Afisa aliachia mlango wa gari. Alikuwa ameshuhudia watoto wengi waliofundishwa cha kusema. Hakuwahi kumwona aliyefundishwa kutosema, na hakutaka kuamini upesi. "Baba," alisema, "niletee hiyo pasi. Meza pia. Sasa hivi."

Fundi bomba alikimbia. Alirudi na meza kichwani, jirani nyuma yake na pasi na mikono ya sabuni. Wakaiweka palepale langoni. Afisa aliinama, akapima kwa jicho urefu wa waya kutoka ukingoni mpaka chini, akauona utepe mweusi uliofungwa mahali waya ulipochunika ulipovutwa. Alimshusha mtoto garini, akamfungua bandeji na kulitazama umbo la jeraha: ncha ya pasi, imeteleza, haikukandamizwa. Alimgeukia mpiga pasi.

"Uliiacha ikiwaka na mtoto chumbani?"

Mpiga pasi angeweza kusema mengi. "Ndiyo," alisema. "Niliiacha. Kosa ni langu."

Hilo ndilo jambo la kwanza aliloambiwa afisa na mtu mzima wa nyumba ile bila kulivalisha nguo za mgeni. Aliliandika, akaandika na chini yake: waya ufungwe juu ukutani, karatasi ya ulezi iletwe ndani ya mwezi mmoja, daktari leo, mlezi aende naye.

"Nitarudi," alisema. "Siku sitaitaja. Na nikimkuta ameinamisha macho, naondoka naye bila kikao."

"Hutamkuta hivyo," mpiga pasi alisema.

"Tangulia ofisini," afisa alimwambia dereva. "Leo sina wa kumpeleka." Akaketi kwenye kizingiti cha lango, akafungua ukurasa mpya juu ya goti. "Haya, mwanangu. Nataka niandike vizuri. Anza tena, polepole. Ulikuwa wapi?"

Chiriku alifuta pua kwa mkono mzima.

"Nimeshasema chini ya meza," alisema. "Kwani wewe husikilizi?"

Kati ya wakubwa watatu hakuna aliyethubutu kumkanya, wala kutabasamu.

"Samahani," afisa alisema, akaandika: chini ya meza.